Mkia Mrefu wa Njaa

Wasomali wana desturi ya kuupa kila ukame mkubwa jina lake, ili wazee wapate kuhesabu miaka kwa majina hayo. Ukame ulioipiga Somalia mwaka 1974 na 1975 waliuita Dabadheer, neno ambalo maana yake ni "mwenye mkia mrefu". Waliuita hivyo kwa kuwa haukwisha pale watu walipotazamia uishe. Ulijivuta siku baada ya siku, mpaka mifugo ikateketea na watu wakahama. Mimi naliona jina hilo kuwa na ukweli mpana zaidi kuliko walivyodhani waliolitunga. Kila njaa ina mkia. Mvua hunyesha, majani huota, ngamia hutoa maziwa tena, na watu husema kuwa njaa imekwisha. Lakini mkia wake huwa ungali unapita ndani ya miili ya watoto waliokuwa tumboni au mgongoni mwa mama zao wakati ule, nao huweza kuendelea kupita humo kwa muda wa miaka sitini.

Katika insha hii, msomaji, nataka kukusimulia jinsi wanadamu walivyokuja kuujua mkia huo. Elimu hii haikupatikana siku moja wala mahali pamoja. Iliokotwa kidogo kidogo, Uingereza, Uholanzi, Jamaika na hapa kwetu Kenya. Nitaanza Ifo, kwa sababu hapo ndipo jambo lenyewe linapotugusa.

Ifo ni kambi ya wakimbizi katika Kaunti ya Garissa, karibu na mji mdogo wa Dadaab, mwendo wa kilomita 80 au zaidi kutoka mpaka wa Somalia. Ilifunguliwa mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwezi wa Januari wa mwaka huo, na vita na njaa kuwafukuza watu makwao. Mwaka 1992 zilifuata kambi za Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilikusudiwa kuwapokea watu 90,000 tu. Mwaka 2011, baada ya mvua za misimu miwili kukosekana na vita kuizuia misaada isiwafikie wenye haja, tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa baa la njaa limeingia kusini ya Somalia. Katika miezi ile watu zaidi ya 1,000 waliwasili Dadaab kila siku, wengi wao kwa miguu, na kabla ya mwaka kwisha kambi zilikuwa na watu zaidi ya 450,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2013 ilikadiria kuwa watu 258,000 walikufa nchini Somalia kwa baa lile, na kati yao 133,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Hao ndio waliokufa. Insha hii yahusu waliookoka.

Katika vituo vya kupokelea wageni, kila mtoto mdogo alizungushiwa utepe mwembamba katika mkono wa juu. Utepe huo una rangi tatu. Kijani maana yake mtoto yu salama. Manjano maana yake amedhoofika. Nyekundu maana yake mkono wake haufiki sentimita 11.5 kwa mzunguko, naye yu katika hatari ya kufa. Mtoto wa rangi nyekundu hupewa lishe maalumu ya karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, iliyotiwa katika pakiti, ambayo ilibuniwa mwaka 1996 na daktari Mfaransa, André Briend, pamoja na wenziwe. Kwa lishe hiyo watoto wengi sana waliorodheshwa katika hatari wakatoka salama. Mkono ulinenepa, rangi ya utepe ikabadilika, na muuguzi akaandika katika daftari lake kwamba mtoto amepona.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2011 sasa ni kijana. Yu katika darasa la shule ya sekondari. Huenda mnakaa naye dawati moja. Huenda, msomaji, ni wewe mwenyewe. Swali la insha hii ni hili: neno "amepona" lililoandikwa na muuguzi yule lilikuwa kweli kwa kiasi gani?

Ili kulijibu, yafaa kwanza tufahamu jinsi mwili unavyopambana na mashaka. Fikiri kijana anayelinda mbuzi usiku, naye anasikia fisi karibu na boma. Kabla hajatia neno kinywani, moyo wake umekwisha kuanza kupiga kwa kasi. Ubongo umepeleka habari kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zimemwaga homoni ndani ya damu. Ya kwanza ni adrenalini, iendayo mbio. Ya pili ni kotisoli, ijayo nyuma yake na kukaa zaidi. Kwa nguvu ya homoni hizo sukari huingia katika damu, msukumo wa damu hupanda, macho hukaza, na kijana huwa tayari kupigana au kukimbia. Fisi akiondoka, ubongo hutambua kuwa kotisoli imetosha, nao huamuru tezi zinyamaze. Mambo yakawa shwari.

Mpango huu ni mwema, kama mlinzi wa kijiji apigaye ngoma ya hatari adui anapotokea. Lakini kijiji ambacho ngoma yake hulia kila usiku, kwa fisi na kwa panya sawasawa, wakazi wake hawalali. Na wasiolala huugua. Ndivyo ulivyo mwili. Mtu ambaye moyo wake hurukia juu kwa kila jambo dogo, na kushuka kwa taabu, huchosha mishipa yake ya damu mwaka hata mwaka. Hupata tabu darasani pia, kwa maana akili iliyoshughulika na hatari haina nafasi ya kutosha kwa hesabu na sarufi.

Kwa muda mrefu hapana aliyedhani kuwa ngoma hiyo yahusiana na chakula alichokula mtu, au alichokikosa, kabla hajajua kusema. Madaktari wa kwanza waliochunguza utapiamlo wa watoto katika Afrika walikuwa na swali jingine. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa ambao baadaye aliuita kwa jina lililotumiwa na Waga wenyewe, yaani kwashiorkor. Katika Kampala, Hugh Trowell, Jack Davies na Rex Dean walichapisha kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo mwaka 1954. Swali lao lilikuwa: tutamzuiaje mtoto huyu asife? Lilikuwa swali la haki na la haraka. Swali la pili, yaani atakuwaje akisha kuokoka, lilingoja watu wengine.

Aliyelifungua mlango ni daktari Mwingereza, David Barker. Mwaka 1986 yeye na mwenziwe Clive Osmond walitoa matokeo ya kulinganisha ramani mbili za Uingereza na Welisi. Moja ilionyesha mahali ambapo watoto wachanga wengi walikufa katika miaka ya 1921 hata 1925. Ya pili ilionyesha mahali ambapo watu wazima wengi walikufa kwa ugonjwa wa moyo katika miaka ya 1968 hata 1978. Ramani hizo zilifanana mno. Pale ambapo watoto walikufa kwa umaskini, waliosalia walikufa kwa moyo miaka hamsini baadaye. Jambo hili liliwashangaza watu, kwani ilisadikiwa kuwa ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa shibe na starehe.

Ramani huonyesha wingi wa watu tu. Haionyeshi mtu mmoja mmoja. Barker alihitaji daftari. Alilipata katika jimbo la Hertfordshire, ambako tangu mwaka 1911 mwanamke mmoja, Ethel Margaret Burnside, aliwasimamia wakunga na wauguzi wapime uzito wa kila mtoto siku ya kuzaliwa, kisha tena atimizapo mwaka. Wanawake wale walipanda baiskeli wakaenda nyumba kwa nyumba na mizani yao, wasijue kazi yao ingefaa nini baada ya miaka sabini. Mwaka 1989 Barker na wenziwe walionyesha kuwa wanaume waliokuwa wepesi sana utotoni ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 1998 wenziwe wakapiga hatua nyingine: walipima kotisoli ya asubuhi katika damu ya wanaume 370 wa jimbo hilo hilo, waliozaliwa kati ya 1920 na 1930. Wale waliozaliwa wadogo walikuwa na kotisoli nyingi zaidi. Walikuwa wazee sasa, wamekula vizuri kwa miaka mingi, lakini mlinzi wa ngoma katika miili yao hakupata kuarifiwa kuwa adui amekwenda zake.

Angalia, msomaji, jinsi daftari la muuguzi lilivyo chombo cha historia. Sisi tumezoea kudhani kuwa historia huandikwa na wafalme na majemadari. Hapa iliandikwa na wakunga, kwa kalamu na mizani.

Hata hivyo palikuwa na shaka. Mtoto aweza kuzaliwa mdogo kwa sababu nyingi, na maskini wa utotoni aghalabu huwa maskini ukubwani. Je, kosa ni la njaa ya mwanzo, au ni la maisha magumu yaliyofuata? Ilihitajika njaa iliyoanza ghafula na kwisha ghafula, katika nchi iliyokuwa na chakula kabla yake na baada yake. Hakuna mtu mwema awezaye kulitenda jambo hilo kwa ajili ya elimu. Vita vililitenda.

Mwezi wa Septemba 1944, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, wafanyakazi wa reli waligoma ili kuyasaidia majeshi yaliyokuja kuwakomboa. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisipelekwe katika miji ya magharibi. Amri hiyo ililegezwa baadaye, lakini baridi ikaja mapema na kwa ukali, mifereji ikaganda, na mashua hazikuweza kupita. Katika mji wa Amsterdam posho ya mtu mzima ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na wakati mwingine ikafika kiasi cha 400, hali mtu mzima huhitaji kalori zipatazo 2,000 au zaidi. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Mwezi wa Mei 1945 nchi ikakombolewa, na chakula kikarudi upesi. Hospitali moja ya Amsterdam, Wilhelmina Gasthuis, ilikuwa imehifadhi daftari zake katika siku zote hizo za mashaka. Kutoka daftari hizo, watafiti waliwatafuta watu 2,414 waliozaliwa humo kabla ya njaa, wakati wa njaa, na baada yake.

Matokeo yao yalikuwa na mafunzo mawili. Funzo la kwanza: wakati wa njaa ni jambo kubwa. Wale ambao njaa iliwapata katika miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wepesi. Wale ambao iliwapata katika miezi ya mwanzo walizaliwa na uzito wa kawaida, kwa kuwa mama zao walikwisha kula tena. Mkunga asingeona dosari yoyote. Lakini hao hao, walipokuwa watu wazima, ndio waliougua moyo zaidi.

Funzo la pili lahusu ngoma yetu. Watu hao walipokuwa na umri wa miaka 58 hivi, Tessa Roseboom, Rebecca Painter, Susanne de Rooij na wenzao waliwaita wakawapa kazi tatu za kuwatia wasiwasi: kutaja rangi za maneno yaliyoandikwa kwa rangi isiyolingana nayo, kufuatisha mchoro wa nyota huku wakiutazama katika kioo, na kutoa hotuba ya kujitetea mbele ya kamera. Msukumo wa damu wa kila mmoja ulipimwa. Mwaka 2006 walieleza kuwa wale ambao njaa iliwapata katika miezi ya mwanzo ya mimba, msukumo wao ulipanda zaidi kuliko wa wenzao. Njaa ya mwaka 1945, iliyompata mtu kabla hajawa na kucha, ilionekana katika damu yake alipotakiwa kutoa hotuba zaidi ya nusu karne baadaye.

Lakini haifai nikufiche sehemu ya habari kwa kupendezwa na sehemu nyingine. Watafiti hao walipima kotisoli pia, wala hawakuona tofauti. Kwa hiyo wazee wa Hertfordshire walitofautiana kwa kotisoli, na wale wa Amsterdam kwa msukumo wa damu. Elimu ya kweli huenda hivyo, kwa hatua zisizolingana. Na anayekuambia kuwa kila mizani ilisema neno moja hakuitazama mizani.

Njaa huupataje mlango wa kuingilia katika mpango wa mwili? Njia moja imeonekana katika kondo la nyuma, kiungo kinachomlisha mtoto tumboni. Damu ya mama ina kotisoli nyingi kuliko ile imfaayo mtoto, basi katika kondo hukaa kimeng'enya, mfano wa bawabu, ambacho huivunja kotisoli kabla haijapita. Katika miaka ya 1990 watafiti walionyesha kuwa panya jike wenye mimba wakinyimwa protini, bawabu huyo hudhoofika. Kotisoli ya mama huvuka, nayo humfundisha mtoto kuwa dunia anayoiendea ni ya hatari. Mtoto hujitengeneza kwa ajili ya dunia hiyo: mwepesi wa kushtuka, mwenye kuweka akiba, asiyeamini usalama.

Njia ya pili ni alama za kikemia zinazowekwa juu ya chembe za urithi. Chukua mfano wa msahafu au kitabu chochote kilichopigwa alama pembeni. Herufi zake hazikubadilika hata moja, bali alama zamwambia msomaji mstari gani ausome kwa sauti na upi aupite kimya. Mwaka 2008 ilichapishwa habari kuwa Waholanzi waliokuwa tumboni mwanzoni mwa njaa ile walikuwa na alama chache zaidi juu ya chembe moja inayohusika na ukuaji, kuliko ndugu zao wa tumbo moja ambao njaa haikuwapata. Miaka sitini ilikuwa imepita.

Labda utasema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, nasi tuna njaa zetu. Twende basi Jamaika, ambako wengi wa watu wana asili ya Afrika. Katika mji wa Kingston, Lia Fernald na Sally Grantham-McGregor waliwachunguza watoto wa miaka minane hata kumi. Baadhi yao walikuwa wamedumaa tangu udogo wao kwa lishe duni. Wengine walikuwa wamekua sawasawa katika mitaa ile ile. Mwaka 1998 walieleza kuwa waliodumaa walikuwa na kotisoli nyingi zaidi katika mate yao, na mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi. Hapa hatuwazungumzi wazee. Hawa ni watoto wa shule, wanaoketi darasani na ngoma inalia ndani yao.

Turudi Kenya. Mwaka 1984 mvua zilikosekana, na serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambayo wazazi wako au babu zako wayakumbuka kwa rangi yake. Wakati huo watafiti wa Kenya na Marekani walikuwa Embu wakichunguza lishe ya familia, na ukame ukawakuta kazini. Waliona kuwa wazazi waliwakinga watoto wadogo kadiri walivyoweza. Mama walipungua uzito, na watoto wa shule wakapungukiwa na uchangamfu uwanjani na usikivu darasani. Katika hesabu hiyo kavu mna jambo la kuheshimiwa: mama alipunguza sahani yake ili ya mtoto isipungue. Walakini mama aliyepunguza sahani yake aweza kuwa na mimba, na hapo njaa humfikia mtoto asiyeonekana.

Kaskazini zaidi, kati ya wafugaji wa Samburu, watafiti walifuata njia ile ya ndugu wa tumbo moja. Walimlinganisha mtoto ambaye mama yake alikuwa na mimba yake wakati wa ukame mkali wa 2008 na 2009, na nduguye ambaye mimba yake haikukutana na ukame huo. Mwaka 2022 walieleza kuwa alama za kikemia juu ya baadhi ya chembe zao za urithi zilitofautiana. Samburu si Garissa, lakini jua ni lile lile, mifugo ni ile ile, na kisima kikikauka mwanamke mwenye mimba hubeba mtungi mwendo ule ule mrefu.

Sasa nimefika mahali ambapo ni lazima tuwe waangalifu. Mtu aweza kusoma haya akakata tamaa, akasema, "Mimi nilizaliwa katika njaa, basi nimekwisha haribika." Hiyo ni hesabu mbaya. Habari zote nilizokueleza ni za wastani wa watu wengi. Katika kila kundi walikuwamo walioonja njaa na mioyo yao ikawa mitulivu, na walioshiba na mioyo yao ikawa na mashaka. Njaa huinamisha mizani, haitoi hukumu.

Jamaika yenyewe ilitupa ushahidi mwema wa jambo hili. Katika miaka ya 1980 watoto 129 wa Kingston waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hata 24, waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa maziwa ya unga ya kuongeza lishe. Wengine walitembelewa nyumbani kila juma na mhudumu wa afya, ambaye alimfundisha mama namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata lolote. Kazi ilidumu miaka miwili tu. Mwaka 2006 ilielezwa kuwa wale waliochezewa, wakiwa sasa na miaka 17 na 18, walikuwa na wasiwasi mchache na huzuni chache kuliko wenzao, na walijithamini zaidi. Mwaka 2014 ilielezwa kuwa walipokuwa na miaka 22 mapato yao yalizidi ya wenzao kwa asilimia 25. Chakula cha nyongeza kilipokuwa peke yake hakikuleta faida za kudumu namna hiyo. Maana yake si kwamba chakula hakina kazi. Kwa hao watoto njaa ilikuwa imekwisha kutangulia. Maana yake ni kwamba mtoto aliyefundishwa hofu na njaa huweza kufundishwa utulivu na mtu. Bibi anayemrusha mjukuu juu ya mapaja yake na kumwimbia hapotezi wakati. Anamwambia mlinzi wa ngoma kuwa sasa aweza kuketi.

Wahenga wetu walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Walisema kweli, na elimu ya leo yawaunga mkono: miezi ya mimba na miaka miwili ya kwanza ndipo udongo ulipo na maji mengi. Lakini udongo wa mwanadamu haukauki wote siku moja.

Nafundisha katika chuo cha ualimu, na kazi yangu ni kuwatayarisha vijana watakaosimama mbele ya madarasa. Kila mwaka huwasikia wakirudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha wakisema: fulani ni mvivu, fulani mkaidi, fulani akiitwa ubaoni hutetemeka kama mwizi. Nami nilipokuwa mwalimu mpya nilisema hivyo hivyo, na baadhi ya watoto niliowasema naona haya nikiwakumbuka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na katika jambo hili hamjui hata miaka kumi na mitano baada ya njaa yenyewe, kwa sababu alama yake haiko mkononi ambako utepe ungeiona. Mtoto atetemekaye ubaoni pengine si mwoga. Pengine ni hodari kuliko sisi sote, kwa kuwa amefika ubaoni na mzigo ambao hatukuubeba.

Hili ndilo ninalokuomba wewe, msomaji. Ikiwa moyo wako hurukia juu kwa sauti ndogo, usijione kuwa na aibu, wala usiifanye kuwa udhuru wa kuacha kazi. Tambua ngoma, vuta pumzi, ungoje inyamaze, kisha uendelee. Na ikiwa ni mwenzako ndiye aliye hivyo, usimcheke.

Ombi la pili ni kubwa kuliko hilo, nalo ni la siku utakapokuwa mtu mzima mwenye kura, au ofisi, au mkoba wa fedha za umma. Posho ya mkimbizi hukusudiwa kufika kalori 2,100 kwa siku. Mara kwa mara haifiki. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha za wafadhili, lilipunguza posho ya kambi za Kenya kwa asilimia 30. Na upunguzaji mwingine umefuata baada ya huo. Katika hesabu za mhasibu, kupunguza ni jambo la miezi michache, kisha ukurasa hufungwa. Katika mwili wa mwanamke mwenye mimba aliye Ifo, ukurasa huo haufungwi. Unakabidhiwa mtoto wake, naye atausoma akiwa darasani, atausoma akiwa kazini, na pengine atausoma akiwa mzee.

Wazee walioupa ukame jina la Dabadheer hawakuwa na maabara wala mizani ya damu. Lakini waliujua mkia. Sisi tumepewa kuujua urefu wake, na mtu aliyeujua urefu wa jambo hana ruhusa tena ya kulikadiria kuwa fupi.